Isale Mlangoni

Jumamosi ile maji ya mfereji yalikuwa zamu ya kina Elirehema. Naanzia hapo makusudi. Watu wakijua nimepigana vita ya Kagera hutaka nianze na mizinga, lakini sisi wa mteremko wa Meru, upande wa juu ya Usa River, mambo yetu mengi huanzia kwenye mfereji. Maji yanashuka kutoka mlimani, kila nyumba ina siku yake, na aliyefungua maji ndiye anayeyafunga. Mtoto wa miaka sita anaijua sheria hiyo.

Elirehema alikuwa na miaka ishirini na mmoja na mimi ishirini. Tulibatizwa siku moja, tukapata kipaimara siku moja, na nyumba zetu zilitenganishwa na migomba ya baba yangu tu, pamoja na mstari wa masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao tunaupanda mipakani. Lakini una kazi nyingine kubwa zaidi. Ukimkosea mtu, unakata isale, unafunga jani lake fundo, unampelekea. Kulipeleka ni kukiri kosa, na akilipokea amekusamehe, yamekwisha, hakuna mtu wa kuyafukua tena. Kulikataa ni jambo ambalo sikuwahi kuliona, wala baba yangu hakuwahi kuliona, mpaka mwaka ule.

Siku hiyo Elirehema alifungulia kahawa ya mama yake maji tangu asubuhi. Saa kumi ilikuwa zoezi la kwaya. Yeye aliimba besi, na besi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alikuwa anamsamehe kuchelewa, jambo ambalo mimi wa sauti ya tenori sikuwahi kusamehewa. Akaweka jembe chini, akanawa miguu, akakimbia kanisani. Maji hakuyafunga. Yalishuka jioni nzima mpaka kwa Mzee Loti, yakaingia ghalani mwake, na mahindi aliyokuwa ameyatandaza sakafuni yakalowa yote. Yasiyooza yakaanza kuota.

Jumatatu mama yake Elirehema alikata isale. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye shingo ngumu, na hakuwa na mtoto mwingine. Elirehema aliniomba nisimame naye, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu.

"Shikamoo, Mzee Loti."

"Marahaba."

"Mtoto wangu amekukosea, na mimi nimekukosea kwa sababu ni wangu. Tumekuja na isale."

Mzee Loti alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka hamsini hivi, msafi, mwenye kujua Maandiko. Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mama Elirehema, hayo ni mambo ya mila. Mimi nimeokoka, nimeachana nayo. Kati yangu na mwanao ataamua Mungu."

Yule mama hakubishana. Aliinama, akalilaza jani kwenye kizingiti, tukaondoka. Nilipita pale kila siku nikienda dukani, na jani lile lilikuwa pale pale mpaka likakauka. Elirehema alikonda. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, na wiki zile alikuwa anakaa mezani anachezea loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando kwa kijiko bila kula.

Kisha redio ikasema adui ameingia Kagera.

Vijana tuliitwa. Tulifunzwa haraka haraka, kulala chini, kuamka, kusafisha bunduki, kuilenga. Siku ya kuondoka malori yalitukusanya mjini, karibu na mtaa wa Kaloleni, na nitasema jambo moja ambalo vijana wa leo hawaliamini. Akina mama wa Kaloleni, Waislamu, watu ambao hawakutujua hata kwa sura, walitoka vyumbani mwao na masufuria ya chai na chapati, wakatulisha kama waliotuzaa. Mmoja alinishika kidevu akasema, "Kula, mwanangu, huko hakuna jiko." Niliona fahari siku ile kuwa mtu wa nchi hii, na fahari hiyo haijanitoka.

Mama Elirehema alishuka kutoka mlimani kwa miguu kuja kutuaga. Alimpa mwanae mkono, akamwombea. Mimi alinivuta pembeni.

"Anaeli," akaniambia, "mwenzako anasahau. Wewe una macho. Mwangalie."

"Nitamwangalia, mama."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Tulitembea. Nikiulizwa vita ilikuwaje, jibu langu la kwanza ni hilo. Tulipanda malori mpaka malori yakakwama kwenye tope, tukashuka, na kuanzia pale ilikuwa ni miguu. Mvua ilinyesha. Soksi zilioza ndani ya viatu. Kwenye seksheni yetu alikuwepo Msukuma, walikuwepo Wamakonde wawili, Mwarusha mmoja aliyetoka nyuma ya mlima wetu, na Koplo wetu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, aliyetuita "wanangu" ingawa alitupita miaka michache tu. Nyumbani mtu wa Tanga na mtu wa Meru wangekutana wapi? Kule tulilala mgongo kwa mgongo ili tupate joto. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali upande gani.

Tulipovuka mpaka tukakuta migomba. Basi Wamakonde wakatucheka sana, eti Wameru wamefika kwao. Elirehema alichukua kofia ya chuma, akamenya ndizi mbichi, akapika, akatulisha wote, na Koplo akasema tangu siku hiyo huyu ndiye waziri wa chakula. Alikuwa ameanza kucheka tena. Lakini tukitembea wawili, habari yake ilikuwa moja tu.

"Nikirudi, nampelekea Mzee Loti isale tena," alisema. "Akikataa, napeleka la tatu. Atachoka yeye kabla yangu."

"Amesema ataamua Mungu."

"Sasa Mungu ataamuaje, Anaeli? Mimi nina kosa, kweli. Na yeye mahindi yake yameota. Hata Mungu hapo atakuna kichwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Baada ya muda aliniuliza kama nadhani mtu anaweza kufa kwa sababu alisahau maji. Nilimwambia aache upuuzi, atembee.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, kama saa tisa. Mvua ilikuwa imekatika. Tulikuwa tunapita kwenye mashamba ya watu, seksheni yetu mbele, tukafika penye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba. Njia nyembamba iliingia mpaka mlangoni. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na kuku.

Koplo alinyoosha kiganja kuelekea chini. Tukalala.

Niliangalia. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, kuangalia.

Na mimi ndiye niliyeliona kwanza. Mbele ya mlango, chini kabisa, kulikuwa na isale. Si mmea uliosimama, ni isale lililokatwa, bado bichi, limelazwa kwenye kizingiti. Na lilikuwa limefungwa fundo.

Mbali vile kutoka nyumbani, miezi ya tope, halafu naona jani la kwetu, limefungwa kama tunavyolifunga sisi.

"Elirehema. Unaona mlangoni?"

"Naona."

"Ni isale."

"Naona, Anaeli. Limefungwa."

Koplo alitusogelea kwa tumbo. "Mnasemaje, wanangu?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwetu hiyo ni alama ya kuomba amani, mtu akiweka isale amekiri, na ukimjibu kwa silaha umekosa mbele ya watu na mbele ya Mungu. Nilimweleza vizuri sana. Nilikuwa najivuna, mimi Mmeru, kuwa na jambo la kumfundisha mtu wa Tanga.

Koplo alikunja uso. "Huku si kwenu. Una uhakika?"

"Kabisa, afande."

Kabla Koplo hajasema neno, Elirehema alikuwa amesimama.

Hakukimbia. Aliitupa bunduki mgongoni, akanyoosha mikono, akaanza kutembea kwenye njia ile nyembamba, mikono mitupu.

Koplo aliita jina lake. Mimi sikuita.

Alifika mlangoni. Aliinama kuliokota.

Walimpiga kutoka dirishani.

Mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika chache. Walikuwa watatu ndani ya nyumba ile, na wote watatu walikufa pale. Mmoja nilimpiga mimi. Sioni fahari kwa hilo wala sioni aibu, ni jambo lililotokea. Nilipomfikia Elirehema alikuwa amelalia ubavu, isale liko chini ya mkono wake, na alikuwa amekwisha kwenda.

Asubuhi yake mwenye nyumba alirudi kutoka msituni, mzee aliyejua Kiswahili kidogo cha kuuzia ndizi. Koplo alimwuliza ni nani aliyeweka yale majani. Yule mzee alisema ni yeye. Alikuwa anapanda mpaka upya. Alikata vipande, akavifunga kwa jani la mmea wenyewe ili visitawanyike, askari walipokuja akaviacha mlangoni akakimbia. Kwao ni mmea wa mpaka, na huo ndio mwisho wa habari yake. Alituonyesha mashimo aliyokuwa amekwisha kuyachimba, yamejaa maji ya mvua.

Koplo hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Tumzike mwenzetu." Alikuwa Mwislamu, lakini aliniomba niseme sala ya kwetu, naye akaitikia amina kwa sauti. Tulimlaza Elirehema karibu na migomba, na baadaye jeshi lilimhamishia kwenye makaburi ya mashujaa kule Kagera. Tukaendelea kutembea. Tulifika mpaka mwisho wa vita, watu wa nchi ile wakatupokea barabarani kwa vigelegele, na mimi nilitembea katikati ya vigelegele vile nikitafuta besi ambayo haikuwepo.

Nyumbani nilirudi nikiwa na makovu mawili madogo. Mama Elirehema alikwisha kupata taarifa. Aliniuliza mwanae alikufaje. Nilimwambia, "Tulikuwa tunaingia kwenye nyumba ya watu, akapigwa." Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo.

Jumapili iliyofuata kukafanyika ibada ya shukrani kwa ajili ya waliorudi. Mwinjilisti aliongoza, na Mzee Loti akapewa nafasi ya kunikaribisha kwa niaba ya wazee. Niliketi kiti cha mbele nimevaa shati jipya. Mzee Loti alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema Mungu ni wa haki. Alisema Mungu anaujua moyo wa kila kijana aliyepanda lori lile. Halafu akasema, "Walitoka wawili nyumba jirani. Mmoja amerudi na mmoja hakurudi. Sisi tusiulize sana. Mungu hakosei katika kuchagua."

Hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Nadhani aliamini alichosema, na nadhani mahindi yale yalikuwa bado yanamuuma. Lakini mimi niliyechaguliwa nilikuwa nimekaa pale mbele nikisifiwa, na ndani yangu nilijua ni nani aliyesema "kabisa". Nilitazama viatu vyangu.

Ndipo nikasikia benchi la upande wa akina mama likilia. Mama Elirehema alikuwa amesimama.

"Mzee Loti, naomba kuuliza."

Kanisani kwetu mwanamke hakuwa anasimama hivyo wakati ule. Mwinjilisti alimgeukia Mzee Loti.

"Uliza, mama," Mzee Loti akasema.

"Ayubu alikosa nini?"

Mzee Loti akakohoa. Alisema Ayubu alikuwa mkamilifu, alijaribiwa.

"Rafiki zake hawakumwambia hivyo," mama akasema. "Walimwambia watoto wako wamekufa kwa sababu kuna kosa, tubu. Walikuwa watu wa dini, walimtetea Mungu vizuri sana. Mwishoni Mungu alimkasirikia nani? Yule aliyepiga kelele juu ya majivu, au wale waliokuwa wanamtetea?"



"Na ule mnara ulioanguka ukaua watu. Bwana Yesu aliulizwa kama hao walikuwa na dhambi kuliko wenzao. Alisemaje? Mimi sikusoma sana, lakini hapo nilipasikia vizuri. Alisema hapana." Akaweka sawa kanga yake. "Sijui kwa nini mwanangu hakurudi. Na wewe hujui. Basi tukae hapa wote, hatujui, tumwimbie Mungu."

Akaketi. Akaanzisha wimbo mwenyewe, juu mno, hakuna aliyeweza kuufikia, tukauimba hivyo hivyo. Sijawahi kumwona mtu ameketi wima kama alivyoketi yeye siku ile.

Kulipokucha nilikwenda mpakani nikakata isale. Sikukata jani tu. Nilikata na shina lake, kipande kirefu kama mkono, kwa sababu jani moja niliona halitoshi. Nikalifunga fundo. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani, nikapiga magoti kwenye maganda, nikamweleza yote. Isale mlangoni. Swali la Koplo. Jibu langu. Yule mzee na mashimo yake. Nilimwambia, "Mama, uliniambia nimwangalie. Niliangalia, nikaona vibaya."

Hakulia. Aliuliza maswali, moja moja, kama mtu anayetaka kujua njia ya mahali atakapokwenda.

"Alikuwa na bunduki mkononi?"

"Hapana. Aliitupa mgongoni."

"Alikimbia?"

"Alitembea."

"Wewe ulimwambia aende?"

"Nilisema ni isale. Kwenda alikwenda mwenyewe."

"Na yeye alilitambua?"

"Alilitambua, mama. Alisema limefungwa."

Akaliweka bunzi chini.

"Kwa hiyo mwanangu alidhani kuna watu wanaomba msamaha," alisema, "akaenda kuwapokea."

"Ndiyo."

"Yeye ambaye lake halikupokelewa."

Nilimnyooshea isale. Aliliangalia, akatikisa kichwa, nami nikaona dunia imeniishia.

"Nitalipokea," akasema, "lakini si hapa. Uliniletea uani maneno nusu uliporudi. Haya mengine utayaleta kanisani, watu wakiwepo. Walisikia ukisifiwa, wasikie na hili."

Wiki ile sikulala vizuri. Baba yangu alinisihi niache, akasema nitaonekana nimemuua mwenzangu, jina la ukoo litaharibika. Mama yangu alisema nikaseme. Jumapili nikasimama baada ya matangazo, isale mkononi, ndani ya nyumba ambamo jani lile halikuwahi kuingizwa, nikasema yote kama nilivyoyasema uani. Sauti ilikatika nilipofika kwenye neno "kabisa", nikarudia mara tatu ndipo likatoka. Mama Elirehema akatoka kwenye benchi lake, akaja mpaka mbele, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimelipokea," akasema, na akageuka aonekane na wote. "Na mwanangu sasa mnajua alikufaje. Hakufa kwa kusahau maji."

Mzee Loti alikuwa amekaa kwenye kiti cha wazee. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Jioni yake Mama Elirehema alilipanda lile shina kwenye kona ya mfereji, pale pale ambapo maji hufunguliwa na kufungwa. Isale haliombi mengi, lilishika.

Miaka ikapita. Nilioa, nikapata watoto, nikafanya kazi kwenye mashamba ya maua huko chini, nikarudi kulima. Mzee Loti na Mama Elirehema walisalimiana njiani, basi. Halafu mtoto wa Mzee Loti, mwanae wa mwisho aliyempenda kuliko wote, akagongwa na lori kwenye barabara ya Moshi akivuka kwenda kazini.

Sasa mnajua watu walivyo. Kabla maiti haijafika nyumbani maneno yalikuwa yamekwisha fika kisimani. Mungu amejibu. Aliyesema Mungu achague, amechaguliwa. Wengine walimwambia Mama Elirehema usoni, wakidhani wanampendeza. Nilikuwepo alipomgeukia mmoja wao.

"Ukilisema tena neno hilo," alimwambia, "usinisalimie maisha yako yote."

Alikuwa wa kwanza kufika kwenye msiba. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa Mzee Loti, ule ule wenye kizingiti kile, na hakusema kitu. Alikuja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akachambua mchele na akina mama, akakaa, akaondoka. Mke wangu alimwuliza kwa nini hata pole hasemi. Akasema rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri waliyoifanya. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu.

Siku ya saba, wakati anajiandaa kuondoka, Mzee Loti hakuwepo. Tukamtafuta. Alikuwa anateremka kilima kutoka mferejini, amezeeka ghafla, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa amekata isale kwenye ile kona, isale la Elirehema. Mbele ya waombolezaji wote alimpelekea Mama Elirehema, na fundo alikuwa amelifunga vibaya kwa sababu hakuwa amezoea.

"Nimechelewa," alisema.

"Umechelewa," mama akajibu. Akalipokea. "Karibu, keti."

Mama Elirehema alikufa mwaka juzi, mzee sana, macho yamezima lakini shingo ile ile. Nyumba yake imefungwa. Hakuacha mjukuu wa kuifungua, na hilo ni jambo ambalo hakuna mahubiri yanayolirekebisha. Elirehema angekuwa na wajukuu sasa. Angekuwa amestaafu kwaya na bado anawasumbua vijana wa besi. Nikiulizwa vita ile ilituchukulia nini, naonyesha mlango ule.

Mwaka huu mchungaji wetu, ambaye ni mwanamke kijana na anahubiri vizuri kuliko wengi niliowahi kuwasikia, aliniomba nizungumze na watoto wa kipaimara juu ya haki ya Mungu. Nilimwambia amekosea mtu. Akasema hajakosea. Basi nikawachukua watoto mpaka kwenye kona ya mfereji. Sasa mfereji umejengwa kwa saruji, lakini isale limekuwa kichaka kizima, na limekatwakatwa kila upande, maana watu wa mteremko mzima wakikoseana huja kukata pale. Hakuna aliyewaagiza. Mashina yale yenye makovu ya panga nayaangalia na kifua kinanijaa, sitaficha.

Niliwasimulia kama nilivyosimulia hapa. Nilipomaliza, binti mmoja akainua mkono.

"Babu, una uhakika Mungu alimtendea haki rafiki yako?"

Mchungaji aliniangalia. Nadhani alikuwa anaogopa nitakachosema.

"Sijui, mjukuu wangu," nikasema. "Nitamwuliza nikifika. Mama yake ameshatangulia, pengine amekwisha kumwuliza, na kama namjua, hakuketi mpaka amejibiwa."

Watoto wakacheka. Yule binti hakucheka. Alikuwa wa aina hiyo.

"Sasa wewe una uhakika na nini?"

Nilifikiri kwanza. Nimejifunza kufikiri kabla ya kujibu swali hilo.

"Kwamba aliinuka pale ambapo sisi wote tulikuwa tumelala chini," nikamwambia. "Kwamba alitembea, hakukimbia, na mikono yake ilikuwa mitupu. Hilo nililiona vizuri. Hilo, kabisa."